Mbolea ya Shilingi 2,500: Ile Tofauti Hulipwa Nani?

Ujumbe wa mbolea ya mama yangu huingia kwenye simu yangu.

Yeye yuko Trans Nzoia, kwenye ekari tatu alizoachiwa na marehemu baba. Mimi niko ndani ya matatu, Jogoo Road, nimebanwa dirishani, na simu inanitangazia kwamba mifuko ya mbolea iko tayari. Mimi ambaye sina hata sukuma wiki kwenye mkebe! Kosa lilikuwa letu wenyewe. Siku ya kujisajili kwa chifu ili kupata mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali huiuza kwa bei nafuu, simu ya mama ilikuwa imeisha chaji. Akaulizwa namba, akataja ile pekee aliyoikariri: ya mwanawe wa Nairobi. Basi jina ni lake, kitambulisho ni chake, ekari ni zake, namba ni yangu. Mvua ikikaribia hunipigia kila jioni. "Baba, bado haijaingia?" Kwetu mama humwita mwanawe baba, hasa akiwa na haja naye.

Nilipolisimulia hili kibandani, Eneo la Viwanda, mahali ninapopata chakula cha mchana, fundi wa kuchomelea aliyekaa mkabala nami alilirudisha tonge sahanini. "Kumbe nyinyi wa mashambani mnalipwa na serikali mlime," akasema. "Basi mbona unga haushuki?"

Swali lake nitalifikia, lina hesabu ndefu kidogo. Lakini kabla ya swali kulikuwa na lile neno "mnalipwa", na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Mama halipwi, mama hulipa

Neno ruzuku lenyewe linachangia. Ruzuku na riziki ni ndugu wa damu. Tunasema Mungu amemruzuku fulani watoto, na hatumwulizi alitoa shilingi ngapi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba serikali imetoa ruzuku ya kilimo, picha inayomjia ni ya mkulima aliyekinga viganja. Mama hakingi viganja. Anatoa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, na asipotoa harudi nyumbani na kitu.

Kinachoitwa ruzuku ni tofauti kati ya hizo 2,500 na gharama halisi ya kuufikisha mfuko ule ghalani. Tofauti hiyo ni pesa, tena nyingi. Chukua hesabu ya mwanzo ya mpango huu wa sasa. Tarehe 13 Septemba 2022, akiapishwa Kasarani, Rais William Ruto alitangaza mifuko milioni 1.4 itakayouzwa kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Tofauti ya mfuko mmoja ni 3,000. Zidisha kwa mifuko yote, unapata shilingi bilioni 4.2. Mwaka uliofuata bei ikateremshwa tena hadi 2,500. Katika mabilioni hayo hakuna hata shilingi moja iliyopita mkononi mwa mkulima.

Ilipita kwa nani? Ufuate mfuko kinyumenyume. Mbolea ya viwandani tunayotumia Kenya hutoka ng'ambo, karibu yote. Kuna mwenye kiwanda huko, kuna mwenye meli, kuna bandari ya Mombasa, kuna anayeitia mifukoni, kuna mwenye lori la kupandisha mlima hadi Nakuru, Eldoret na Kitale, na kuna Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, yenye maghala huko mashinani na makao makuu hapa hapa Eneo la Viwanda, si mbali na kibanda chetu. Wote hao wana bei zao. Mama anachangia 2,500 yake, Hazina ya Taifa inajazia iliyobaki.

Sisemi kwamba mwenye lori ni mwizi. Ana haki ya nauli yake. Ninachosema ni kwamba njia ambayo pesa hupitia ndiyo huamua nani atapiga kelele zikipotea. Mama ana zaidi ya miaka 70, yumo pia kwenye Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikichelewa wiki moja anajua. Zikipungua hamsini, anajua, na wakala atajuta. Lakini mwulize tofauti ya mfuko wa mbolea msimu huu ilikuwa shilingi ngapi. Elfu moja? Elfu nne? Hajui, wala hana pa kuiona. Anachojua ni 2,500. Aliyeuziwa kwa bei ya chini hawezi kudai kile ambacho hakuwahi kuoneshwa, na pengo la kupitishia mkono liko papo hapo, kati ya bei anayoijua mkulima na bei iliyolipwa Nairobi.

Linganisha na Marekani. Wana kaunti pia, zaidi ya 3,000, ingawa neno ni moja na mambo ni mbalimbali. Huko, kwa mazao kama mahindi na ngano, sheria huweka bei ya rejea. Bei ya soko ikianguka chini yake serikali hulipa tofauti, na pesa huingia kwenye akaunti ya mkulima. Ofisi za Farm Service Agency ziko katika kaunti nyingi za kilimo, na kamati zake huchaguliwa na wakulima wenyewe. Zaidi ya hayo, shirika liitwalo Environmental Working Group limekuwa kwa zaidi ya miaka 20 likichapisha orodha ya waliolipwa, kaunti kwa kaunti, jina kwa jina. Unaweza kukaa jikoni kwako ukaangalia jirani alipata ngapi. Fikiria orodha hiyo ikibandikwa ukutani kwa chifu wetu, siku ya soko.

Lakini nisiwasifie kupita kiasi. Orodha hizo zimeonesha miaka nenda miaka rudi kwamba sehemu kubwa ya pesa huishia kwa wenye mashamba makubwa, kwa kuwa malipo hufuata ekari. Na ekari zenyewe, katika mpango wao mmoja mkubwa, ni za kihistoria: mtu anaweza kulipwa kwa sababu ya mahindi mwaka ambao hakupanda mahindi. Wao wanajua nani kapewa. Kwamba amepewa anayestahili ni kesi nyingine.

Mbona basi serikali isimpe mama pesa taslimu, akajinunulia? Nilimuuliza. Alicheka. Mpango wa mbolea hupamba moto Januari na Februari, na Januari ndiyo karo. "Ukinipa pesa Januari," alisema, "mbolea ataila mwalimu mkuu." Serikali nayo haitaki kulipia karo kwa fungu la kilimo, inataka mahindi. Hoja ya pili ni ya mwaka 2022: vita vya Ukraine vilipoanza Februari, bei ya mbolea duniani ikapaa, na pesa mkononi haingesaidia kama dukani mifuko yenyewe haipo au imefichwa. Kuna njia ya katikati, na majirani zetu wameishika. Tanzania ilizindua ruzuku yake Mbeya, siku ya Nane Nane mwaka huo huo wa 2022, na huko mkulima aliyesajiliwa hununua kwa wakala wa kawaida wa pembejeo kwa bei iliyopunguzwa, na serikali ndiyo humalizana na kampuni. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na vocha za namna hiyo. Mpango wa Kilimo Plus, ulioanza mwaka 2007, ulimlenga mkulima maskini kwa pembejeo za ekari moja: mbegu kilo 10, mfuko mmoja wa kupandia, mmoja wa kukuzia, na duka la pembejeo la pale pale sokoni likipata mteja. Binafsi naona ule ulikuwa mpango wenye akili zaidi kuliko huu wa maghala. Haukuwa na picha nzuri ya malori kwenye televisheni, labda ndiyo maana.

Ekari za mdomoni

Turudi kwenye simu yangu. Tangu mwaka 2023 wakulima wamekuwa wakisajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali unaofupishwa KIAMIS, na wameingia zaidi ya milioni 6. Kazi ilipewa machifu na manaibu wao, kwa kuwa ndio wanaojua nani analima wapi. Unatoa kitambulisho, namba ya simu, zao unalolima na ukubwa wa shamba. Msimu ukifika unapokea ujumbe wenye vocha, mifuko ikiwa imekadiriwa kwa ekari ulizotaja. Unalipa kwa simu, unakwenda ghalani na kitambulisho, unabeba.

Ni hatua nzuri kuliko ilivyokuwa zamani, wakati mwenye lori lake na rafiki ghalani aliweza kuondoka na shehena nzima na mwenye kikapu akaambiwa arudi kesho. Ila kila mfumo huwa na mlango wake wa nyuma, na wa huu ni hilo neno ekari.

Mkulima anayejua kwamba mifuko hupimwa kwa ekari ana sababu ya kuongeza ekari mdomoni. Trans Nzoia kukodi mashamba ni jambo la kawaida kabisa: mwenye ardhi yuko Nairobi au ng'ambo, anayelima ni mwingine. Sasa nani ajisajili? Mwenye hati au mwenye jembe? Wakijisajili wote wawili, shamba moja linapata mbolea mara mbili, na mgao mmoja lazima utafute pa kwenda. Pa kwenda huwa hapakosekani. Kitu kimoja kikiwa na bei mbili, 2,500 ghalani na bei ya juu zaidi dukani, atatokea wa kukimbia katikati akibadilisha mifuko. Hata polisi wa kila njia panda hawawezi kuliondoa hilo maadamu zile bei mbili zipo.

Halafu kuna ile ya Marekani, kwamba ruzuku hufuata ekari. Tuseme tofauti ni shilingi 3,000 na ekari moja huhitaji mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Mwenye nusu ekari amepunguziwa 3,000. Mwenye ekari kumi amepunguziwa 60,000. Huyu wa ekari kumi ana pikapu. Yule wa nusu ekari anakodi boda kutoka ghalani, na boda akimtoza 500 kwenda na kurudi basi sehemu ya sita ya ruzuku yake imeishia kwenye petroli. Ndiyo sababu vituo vya karibu, kwenye vyama vya ushirika na kwenye masoko ya wadi, vina maana kubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu bei. Kilomita 20 za matope ni bei nyingine ambayo haiandikwi mfukoni.

Na kuna jambo ambalo wachumi hulipigia kelele na wanasiasa hawalisikii. Mkulima ambaye angenunua mbolea hata kwa bei ya soko, ukimuuzia kwa bei nafuu, hujaongeza mbolea shambani. Umemwokolea pesa, vizuri, lakini mahindi ni yale yale. Mahindi huongezeka pale tu mfuko unapomfikia yule ambaye asingenunua kabisa. Ukitaka kujua ruzuku imefanya kazi katika kaunti fulani, usiulize mifuko mingapi imeuzwa. Uliza mingapi imekwenda kwa ambao mwaka wa nyuma walipanda bila kitu.

Kalenda mbili

Serikali ina mwaka wake, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Mahindi ya Trans Nzoia yana mwaka wao, unaoanza na mvua za Machi na Aprili. Kalenda hizi mbili hazijawahi kusalimiana. Ili mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, uwe Kitale Machi, meli lazima iwe imeagizwa miezi kadhaa kabla. Ili meli iagizwe, zabuni iwe imekwisha. Ili zabuni iishe, pesa ziwe zimetengwa na zimetolewa. Fungu likicheleweshwa wiki chache Nairobi, au likisubiri bajeti ya nyongeza, huko mwisho wa mstari mvua haisubiri. DAP inayofika Mei ni kitu cha kuzuilia mlango usifungwe na upepo.

Na usidhani ucheleweshaji ni wa Nairobi peke yake. Msimu mmoja ujumbe wa mama ulikaa kwenye simu yangu siku tatu nikidhani ni matangazo ya bahati nasibu.

Mfuko wenye maandishi mazuri

Machi 2024, wakati majembe tayari yako chini, wanahabari wa Africa Uncensored walitoa taarifa kwamba baadhi ya mifuko iliyokuwa ikiuzwa chini ya mpango wa ruzuku haikuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Mjadala wa kitaifa ukageuka kuwa wa msamiati: je, ilikuwa mbolea bandia, au ilikuwa mbolea isiyofikia viwango? Mkulima aliyeona majani ya mahindi yakigeuka zambarau kwa kukosa fosforasi hakuwa na haja ya kamusi.

Tarehe 2 Mei wabunge 149 waliunga mkono hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Tarehe 13 Mei kamati maalumu ya wabunge 11 ikamwachilia, kura saba kwa nne. Katikati ya tarehe hizo mbili, kwa kejeli ambayo mtunzi wa riwaya angeiogopa, viongozi wa Afrika walikutana KICC kwenye mkutano mkuu wa mbolea na afya ya udongo. Julai, baada ya maandamano ya vijana, Rais alivunja Baraza la Mawaziri na Linturi hakurudi. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walioathirika.

Kwa nini kashfa hii iliwezekana? Rudi kwenye ile tofauti. Mnunuzi mkuu wa mbolea ile hakuwa mama, alikuwa mpango. Mkulima akinunua dukani na mbolea ikamwangusha, mwakani anahamia duka la jirani, na muuzaji anajua hivyo. Lakini ghala la bei nafuu likiwa moja, na msambazaji akijipendekeza kwa ofisi inayotia saini wala si kwa mwenye shamba, adhabu ya soko haipo. Inabaki maabara. Mfuko wa DAP wa kilo 50 unatakiwa kuwa na asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti, yaani kilo 9 na kilo 23. Hizo kilo 32 ndizo mkulima anazolipia. Zilizobaki ni za kubebea tu. Hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuziona, hata la mama yangu ambaye anaweza kukuambia umri wa kuku kwa kumpapasa. Asipopima mwenye vipimo, mwenye kujua ni mahindi, nayo husema Juni, msimu umekwenda.

Hili la nani apime linatupeleka kwenye ugomvi mwingine. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti kilimo. Serikali kuu imebaki na sera. Mbolea inayouzwa kwa bei moja kutoka Lamu hadi Busia ni sera, au ni kilimo? Wizara inasema yake, magavana wanadai pesa hizo ziteremshwe kwao. Matokeo yake, chifu anayesajili ni wa serikali kuu, ghala ni la serikali kuu, afisa wa ugani anayetakiwa kumwambia mama aina ya mbolea inayofaa ni wa kaunti, na barabara ya kwenda ghalani inategemea umeuliza nani. Jambo likiharibika, kila mmoja hunyoosha kidole upande wa pili, na kwa sheria kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Sasa unga

Fundi wangu wa kuchomelea alitaka kujua mbona unga haushuki. Nilichukua kipande cha gazeti kilichofungiwa chapati nikamfanyia hesabu, hii hapa.

Tuseme ekari moja imetumia mifuko miwili na kila mfuko umepunguzwa 3,000. Jumla 6,000. Tuseme ekari hiyo imetoa magunia 20 ya kilo 90, mavuno mazuri lakini si ya miujiza. Kila gunia limebeba nafuu ya shilingi 300. Kwa kilo moja ni shilingi tatu na senti kidogo. Pakiti ya unga ya kilo mbili, ukihesabu na pumba zinazoondolewa, ni kama shilingi saba au nane. Na hiyo ni kama mkulima atakabidhi nafuu yake yote kwa dalali, dalali aikabidhi kwa mwenye lori, mwenye lori kwa msagaji, msagaji kwa duka. Umewahi kuona dalali akikabidhi?

Fundi akatazama zile shilingi nane. "Basi ni hizo tu?"

Si hizo tu, ila njia ni nyingine. Unga hushuka mahindi yakijaa nchini, wala si kwa sababu gunia moja limelimwa kwa gharama ndogo. Takwimu za serikali zinasema mavuno ya mahindi yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Ni ongezeko la karibu asilimia 39, na wenye mpango walijipiga kifua. Lakini mwaka 2022 ulikuwa mwisho wa ukame mbaya sana, na 2023 mvua ilirudi. Ngapi ni za mbolea, ngapi ni za mvua? Mbolea bila mvua ni chumvi kwenye vumbi. Mvua bila mbolea hutoa mahindi, ila membamba. Huwezi kuzitenganisha kwa kutazama jumla ya nchi nzima, na anayekuambia kwamba zote ni za mbolea anakuuzia kitu.

Pia fundi na mama wanataka vitu vinavyopingana. Yeye anataka unga rahisi, mama anataka gunia ghali, na serikali imewaahidi wote wawili. Mwaka 2023 ilitangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000 ili wakulima wasilie. Wakati huo huo wakazi wa Kayole na Kawangware walikuwa wakilia na bei ya pakiti. Ruzuku ya mbolea ni jaribio la kupita katikati: ukipunguza gharama ya kulima, mkulima anaweza kuuza kwa bei ya chini na bado akabaki na chake. Ndiyo hoja yake kuu, na ni hoja ya maana.

Njia ya pili, ya kushusha bei ya unga wenyewe, tuliijaribu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa kutoka shilingi 205 hadi 100. Waliokuwa Nairobi wanakumbuka: rafu zilibaki tupu, na ukiipata pakiti uliruhusiwa moja. Wasagaji ndio waliopaswa kulipwa tofauti, na walikuwa bado wakiidai muda mrefu baadaye. Muundo ni ule ule: bei inatangazwa kwa mwananchi, deni linafunguliwa kwa mwingine.

Chini ya yote haya kuna udongo, ambao hauna namba ya simu. DAP, ile mbolea ambayo kila mtu kwetu huiita mbolea tu kana kwamba hakuna nyingine, huongeza asidi ardhini kidogo kidogo kila msimu. Mashamba mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yamelimwa mahindi na kutiwa DAP miaka mingi, na udongo wake umechachuka. Asidi ikizidi, fosforasi unayoitia hukamatwa na aluminiamu na chuma vilivyomo udongoni, mizizi haiioni. Kwa shamba la namna hiyo, sehemu ya ruzuku inafukiwa ardhini na inabaki huko. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, baada ya udongo kupimwa. Chokaa hufanya kazi polepole, haina sifa kwenye mikutano ya hadhara, na gunia lake halileti msongamano ghalani.

Afisa wa ugani alipita kwa mama mwezi jana, akachukua udongo kidogo kwenye pembe tatu za shamba na kumwambia asitie DAP tena kabla majibu hayajatoka. Jioni hiyo mama alinipigia kama kawaida. Sasa anataka kujua kama chokaa nayo hutumwa kwa ujumbe, au ni ya kununua. Nimemwambia nitauliza.